Kosa li Juu, Fundo li Chini: Maisha ya Isaac Singer

Juma la mwisho kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari lilinikuta Malindi, nyumbani kwa mama mzazi. Mama alikuwa amejitolea kuwashonea wajukuu wake watatu sare za shule, na alikuwa amebakisha sketi mbili na shati moja. Jioni ya Jumamosi cherehani yake ikakwama. Gurudumu la mkono lilikataa kuzunguka, sindano ikaganda ndani ya kitambaa, na mama alipofaulu kukitoa kitambaa hicho, chini yake palining'inia fundo kubwa la uzi mfano wa nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa.

Cherehani hiyo si chombo tu katika nyumba yetu. Marehemu baba alipotutoka, mama aliitoa chumbani akaiweka barazani, na kwa miaka minne ndiyo iliyonilipia karo ya shule ya upili. Nilijifunza kusoma usiku kwa mlio wa kanyagio lake. Kwa hivyo nilipoiona imekwama nilihisi kana kwamba mzee wa nyumba ameugua, nikaamua kwamba mtu mwenye shahada ya uzamifu hawezi kushindwa na uzi.

Nilishindwa. Nilichukua bisibisi nikafungua chini, kwa kuwa fundo lilikuwa chini. Nilikata nyuzi, nikatoa bobini, nikairudisha, nikaitoa tena nikaweka nyingine. Kila nilipojaribu kushona, fundo lilizaliwa upya mahali pale pale. Hatimaye niliomba mafuta ya kupikia ili nilainishe vyuma. Mama, ambaye hakusoma kupita darasa la nne, alininyang'anya chupa akanieleza kwa upole kwamba mafuta ya jikoni hukauka yakawa kama gundi, na kwamba cherehani ina mafuta yake. Aliniagiza niibebe asubuhi niipeleke kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni mzee wa makamo ya babu yangu mdogo, ashonaye kwenye baraza ya duka la vitambaa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha akanisikiliza huku nikimweleza habari ndefu za fundo la chini. Hakuangalia chini hata kidogo. Aliinua mguu wa cherehani, ule unaokanyaga kitambaa, akauchomoa uzi wa juu wote, akautunga upya tangu mwanzo, akiupitisha katikati ya vile visahani viwili vya chuma vinavyoubana. Alinieleza kwamba mguu ukiwa chini visahani hufumba, na uzi ukitungwa wakati huo hauingii ndani bali hupita ukingoni. Hapo unakuwa hauna wa kuushika. Sindano huuteremsha mwingi kuliko haja, nao huenda kujikusanya chini ya kitambaa. Kisha aliyapangusa kwa brashi mavumbi ya pamba yaliyojaa kati ya meno yanayosukuma kitambaa, akatia tone moja la mafuta ya cherehani, akazungusha gurudumu kuelekea kwake. Ikashona. Kazi yote haikumaliza dakika kumi. Kosa lilikuwa juu. Fundo lilikuwa chini.

Nilipokuwa nikimlipa nilitupa macho kwenye cherehani yake mwenyewe, nyeusi, ya chuma kizito, iliyochakaa pale mkono unaposhika. Ubavuni ilikuwa na jina la Singer kwa herufi za rangi ya dhahabu. Nikakumbuka kwamba nina deni kwa wanafunzi wangu, na leo nataka kulilipa hadharani.

Deni lenyewe ni hili. Kwa miaka kadhaa, ninapofundisha maneno ya mkopo, nimekuwa nikitumia neno cherehani. Huwaeleza wanafunzi kwamba lina undugu na cherehe, na kwamba chimbuko lake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Kwamba waliolipokea pwani walikiita chombo kwa kile walichokiona kikizunguka. Kisha, ili kuutia mhadhara chumvi, nilikuwa nikisimulia kwamba Isaac Singer wa Marekani alimhurumia mke wake aliyekuwa akiumia macho na vidole kwa kushona, akamtengenezea mashine kwa mapenzi. Hadithi hiyo sikuizua mimi. Mahatma Gandhi, aliyejulikana kwa kuzishuku mashine, aliiona cherehani ya Singer kuwa moja ya vitu vichache vyenye manufaa, na katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1924 aliitaja sababu hiyo hiyo ya mume kumwonea mke huruma. Nikiwa na shahidi mkubwa namna hiyo, sikuona haja ya kuchunguza.

Muhula mmoja msichana aliyeketi nyuma, ambaye mama yake ni mshonaji, aliinua mkono akaniuliza ni mke yupi ninayemkusudia. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao kwa kudhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alikuwa amesoma maisha ya Singer, nami sikuwa nimeyasoma. Nilikwenda maktaba, na yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuyafundisha tangu mwanzo.

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba mwaka 1811 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi walitengana Isaac akiwa mtoto wa miaka kumi, mama akaondoka, na alipofikia miaka 12 hivi kijana naye aliihama nyumba ya baba akaenda kwa kaka yake. Shule aliipata kidogo sana. Alichokipata ni karakana: alijifunza kushika chuma, kukata, kutoboa na kusawazisha. Lakini moyo wake haukuwa karakanani. Alikuwa mrefu kupita futi sita, mwenye sauti nene na nywele za wekundu, na alichokitamani ni jukwaa. Mwaka 1830, akiwa na miaka 19, alimwoa Catherine Maria Haley, lakini ndoa haikumtuliza. Alijiunga na vikundi vya waigizaji vilivyozunguka miji kwa miji.

Maisha yake ya miaka ishirini iliyofuata yalikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1836, akiwa Baltimore, alikutana na Mary Ann Sponsler, akaishi naye kama mume na mke ilhali Catherine hakuwa ametalikiwa. Mwaka 1839, akifanya kazi za mfereji huko Illinois, alibuni mashine ya kutobolea miamba akaiuza hataza yake, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, kwa dola 2,000. Mtu mwingine angefungua karakana. Singer aliunda kikundi chake cha maigizo, akazunguka nacho miaka kama mitano, hadi fedha zikayeyuka zote. Alirudi kwenye ufundi kwa kulazimishwa na njaa. Aprili mwaka 1849 alipata hataza nyingine, ya mashine ya kuchonga mbao na chuma, ambayo aliikusudia kwa kuchonga herufi za wachapishaji. Aliipeleka jijini New York kuitafutia wateja. Februari mwaka 1850 tangi la mvuke lililipuka katika jengo ilimokuwa. Watu zaidi ya 60 walikufa, na mashine yake ikateketea.

Ndipo akaingia Boston mwaka huo huo, akiwa na karibu miaka 39, hana kitu, akifadhiliwa na mchapishaji mmoja aitwaye George Zieber aliyevutiwa na mashine ya herufi. Walikodi nafasi katika karakana ya Orson Phelps. Wanunuzi wa mashine ya herufi hawakutokea. Hata hivyo, katika karakana hiyo Phelps alikuwa akiunda na kurekebisha cherehani zilizobuniwa na Lerow na Blodgett, nazo zilikuwa hazishi kukwama. Phelps alimwomba Singer azitazame.

Ningependa wanafunzi wazingatie hapa, maana hapa ndipo ubora wa Singer ulipo. Cherehani hazikuwa jambo jipya. Barthélemy Thimonnier, mshonaji wa Ufaransa, alipata hataza mwaka 1830, akaweka mashine kama 80 mjini Paris kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 washonaji walioogopa kupoteza riziki walizivamia wakazivunja. Walter Hunt wa New York alibuni, kabla ya mwaka 1835, mashine iliyotumia nyuzi mbili na sindano yenye tundu kwenye ncha, lakini hakuiombea hataza. Elias Howe wa Massachusetts naye alifikia wazo hilo hilo kwa njia yake na kupata hataza tarehe 10 Septemba mwaka 1846. Wazo ni hili: sindano huteremsha uzi wa juu kupitia kitambaa na kufanya kitanzi, kichukuzi kidogo chenye uzi wa pili hupenya katika kitanzi hicho, sindano ikipanda, nyuzi mbili hufungamana katikati ya kitambaa. Shati lililohitaji saa 14 hivi kwa mkono lingeweza kushonwa kwa saa moja na dakika kama 15. Wazo lilikuwapo. Kilichokosekana ni mashine isiyokwama.

Singer aliitazama cherehani ya Phelps akaona chanzo cha matatizo. Kichukuzi cha uzi kilikuwa kikizunguka katika duara, na kila mzunguko uliusokota uzi hadi ukakatika. Sindano ilikuwa imepinda na ikienda kwa ubavu. Yeye alipendekeza kichukuzi kiende mbele na kurudi nyuma kwa mstari mnyofu. Sindano iwe iliyonyooka, ipande na kushuka. Kitambaa kilale juu ya meza na kukanyagwa na mguu wa chuma ili kisinyanyuke na sindano. Baadaye aliweka kanyagio, hivyo mikono miwili ya mshonaji ikawa huru kuongoza kitambaa. Mtu akiitazama leo cherehani ya mama yangu ataviona karibu vyote.

Zieber alitoa dola 40 za kuundia mfano, nao walifanya kazi siku 11, mchana na usiku. Kwa maelezo ya Singer mwenyewe, usiku wa siku ya mwisho walikusanya vipande vyote, wakajaribu, na mashine ikakataa kushona. Mishono ilikuja imelegea. Mafundi walichoka wakaenda zao mmoja mmoja. Singer alibaki akijaribu, na Zieber akimshikia taa, hadi karibu usiku wa manane wakakata tamaa, wakaanza kurudi walikolala. Njiani waliketi juu ya rundo la mbao kupumzika. Hapo Zieber akataja jambo ambalo hakulipa uzito: kwamba vile vitanzi vya uzi vilivyolegea vilikuwa vyote upande mmoja wa kitambaa. Singer akashtuka. Alikuwa amesahau kurekebisha kibano cha uzi wa sindano. Wakarudi karakanani, akakaza, na mashine ikashona mishono mitano bila kosa kabla uzi kukatika. Mitano ilitosha. Aliyeiona mitano alijua kwamba elfu ziko njiani.

Msomaji atanielewa nikisema kwamba niliposoma habari hizo nilimkumbuka mzee wa Malindi. Kosa lile lile, la uzi wa juu usioshikwa, lililonitesa mimi Jumamosi, ndilo lililomkalisha Singer juu ya mbao usiku wa manane mwaka 1850. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na Zieber wa kuona upande wa vitanzi.

Tarehe 12 Agosti mwaka 1851 Singer alipewa hataza nambari 8,294. Phelps alikuwa amekwisha kuuza fungu lake. Zieber naye aliugua mwishoni mwa mwaka huo, na kwa masimulizi yake Singer alimwendea kitandani akamweleza kwamba daktari haoni dalili ya yeye kupona, akamshauri auze fungu lake ili asiiache familia mikono mitupu. Aliuza kwa dola 6,000. Kisha akapona, na kampuni ambayo theluthi yake ingekuwa mali yake ikawatajirisha wengine. Mtu aliyeshika taa na kuona vitanzi hakuachiwa hata mahali pa jina lake.

Aliyebaki na Singer ni wakili Edward Clark, mtu wa tabia tofauti kabisa, mtulivu na mwenye hesabu. Ilimbidi Clark apigane vita vya mahakama, kwa kuwa Elias Howe alikuwa amerudi kutoka Uingereza. Howe alikuwa amekwenda London kutafuta soko, akaambulia umaskini, akarejea Marekani mwaka 1849 na kumkuta mkewe mahututi kwa kifua kikuu; muda si mrefu mama huyo akafariki. Ndipo Howe akaona madirishani cherehani za watu wengine zikitumia wazo lake bila ruhusa. Alishitaki. Upande wa Singer ulimtafuta Walter Hunt ili uonyeshe kwamba Howe hakuwa wa kwanza. Ikakubalika kwamba Hunt alitangulia, lakini kwa kuuacha uvumbuzi wake miaka mingi bila kuulinda alikuwa ameipoteza haki. Mwaka 1854 Singer alilazimika kumlipa Howe dola 15,000. Mwaka 1856 makampuni makubwa yaliyokuwa yakishitakiana, pamoja na Howe, yalikubaliana kuziweka hataza zao pamoja, na kila aliyetaka kuunda cherehani akawalipa wao. Howe alikufa tajiri mwaka 1867, akiwa na miaka 48.

Mwaka huo wa 1856 ndipo pia kampuni ilipoanza kuuza cherehani kwa malipo ya polepole. Bei ya mashine ilizidi dola 100, kiasi ambacho familia ya kawaida haingeweza kukitoa kwa mkupuo. Mteja alitoa kiasi kidogo, akaichukua mashine, akalipa kila mwezi. Fikra hiyo husifiwa kuwa ya Clark. Singer naye aliifanyia mashine kile alichokuwa akikifanyia tamthilia: aliisimamisha mbele ya watu katika maonyesho na kumbi, akaishona mbele ya macho yao, huku sauti yake ya jukwaani ikijaa pembe zote. Mwaka 1853 waliuza cherehani 810. Mwaka 1876, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kampuni iliuza zaidi ya 260,000.

Sasa nalijibu swali la mwanafunzi wangu. Ni mke yupi? Wakati huo Singer alikuwa na Catherine, mke wa ndoa, aliyemtupa mapema. Alikuwa na Mary Ann, aliyeishi naye karibu miaka 25 na kumzalia watoto kumi, aliyevumilia miaka ya njaa ya maigizo. Alikuwa na nyumba nyingine mjini humo humo New York pamoja na Mary McGonigal, kwa jina la uongo la Matthews, na nyumba nyingine tena kwa jina la Merritt. Mwaka 1860 alimtaliki Catherine, naye Mary Ann akatumaini kwamba hatimaye ataolewa. Agosti mwaka huo, Mary Ann akiwa katika gari la farasi, alimwona Singer barabarani akiwa na McGonigal katika gari jingine. Alipiga kelele, walipofika nyumbani Singer alimpiga. Alikamatwa na kuwekewa dhamana ya kudumisha amani. Siri zote zikafumuka kama mshono uliokosa fundo, naye akakimbilia Ulaya.

Clark, aliyeuza mashine kwa mama wa nyumba na wake wa wahubiri, hakuweza kustahimili jina la namna hiyo. Mwaka 1863 ushirika wao ulivunjwa, ikaanzishwa Kampuni ya Singer, na wote wawili wakakaa kando ya uongozi huku kila mmoja akibaki na hisa nyingi. Mwaka huo huo Singer alimwoa Isabella Boyer wa Paris, akazaa naye watoto sita. Vita vya Ufaransa na Ujerumani vya mwaka 1870 viliwahamishia Uingereza, wakatua Paignton, Devon, ambako alianza kujenga jumba kubwa lenye ukumbi wa maigizo. Alifariki tarehe 23 Julai mwaka 1875, jumba halijaisha, akaacha mali ya kiasi cha dola milioni 13 na watoto ishirini na ushei waliozaliwa na wanawake watano. William, mwana wa kwanza wa Catherine, aliyesimama upande wa mama yake katika talaka, aliachiwa dola 500.

Huyo ndiye mtu. Hapakuwa na mke aliyehurumiwa. Hadithi ya mke anayeshona huku mume akimtazama kwa uchungu inamkaribia zaidi Howe, ambaye husimuliwa kwamba mkewe alikuwa akishonea watu ili watoto wale. Singer hakuficha kwamba alichokitaka ni fedha.

Wapo watakaouliza: tuwafundishe nini watoto basi? Baadhi ya walimu wenzangu, nilipowasimulia haya, walinishauri nimwache Singer na kutafuta mvumbuzi mwenye maadili. Wengine walisema ni afadhali hadithi ya mapenzi, hata kama si kweli, kwa kuwa inafunza huruma. Nathubutu kuwapinga wote wawili kwa heshima.

Wa kwanza nawakumbusha kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyempiga mama wa watoto wake ni yule yule aliyeona kwamba kichukuzi kinachozunguka huusokota uzi. Ubaya wake haukutengua mshono, na mshono haukufuta ubaya wake. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kila kitu chema kimetoka kwa mtu mwema ataingia duniani bila kinga, maana atamwamini kila mwenye kipaji.

Wa pili nawaambia kwamba huruma iliyojengwa juu ya uongo humdhulumu mtu mwingine. Nilipokuwa nikimsifu Singer kwa mapenzi, nilikuwa nikimfuta Mary Ann na watoto wake kumi. Nilikuwa nikimfuta Zieber na taa yake, na Hunt, na Thimonnier ambaye mashine zake zilivunjwa naye akafa maskini mwaka 1857. Jina moja lililoandikwa kwa dhahabu limefunika majina kadhaa. Nasi tulio vyuoni tusijifanye watakatifu: ni mara ngapi jina la mkubwa hutangulia kwenye kazi iliyofanywa na mdogo aliyeshika taa?

Kuna somo la tatu, nalo ni la mikono. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kumpa kila mtoto ustadi wa kazi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umerudia ahadi hiyo kwa maneno mapya. Ahadi hizo zitabaki karatasini iwapo tutaendelea kumwona fundi wa barazani kama mtu aliyeshindwa na shule. Mzee wa Malindi alijua jambo ambalo mimi sikulijua, na si ustadi wa vidole pekee. Alijua kufikiri. Alijua kwamba mahali tatizo linapoonekana si lazima pawe ndipo linapotoka. Mwalimu anayeadhibu darasa zima kwa kuanguka mtihani, bila kuangalia alivyoutunga uzi wake mwenyewe tangu muhula wa kwanza, anafungua chini kwa bisibisi kama nilivyofanya mimi.

Sketi zilikamilika Jumapili usiku. Mama alinikalisha karibu naye akanifanya niutunge uzi wa juu mara tatu, mguu ukiwa umeinuliwa, hadi akaridhika kwamba nimeelewa. Muhula ulipoanza nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikakiri kwamba hadithi niliyozoea kuisimulia haikuwa ya kweli, nikawasimulia hii. Yule msichana hakuwapo, amekwisha kuhitimu. Iwapo anasoma ukurasa huu, namwomba apokee jibu la swali lake, na shukrani za mwalimu wake.